Jeki za Kona za Baba

Wiki iliyopita nilipeleka simu yangu kwa kijana mmoja anayetengenezea nje ya soko, kule Tandika. Kabla hajaniambia imeharibika nini, alichovya ncha ya moto ya pasi yake ya kuungia kwenye kikopo cha ulimbo, ile gundi ngumu ya rangi ya asali wanayotumia mafundi wakiunga nyaya. Moshi ukapanda, mwembamba, wenye harufu ya utomvu na chuma cha moto kwa pamoja. Machozi yakanilenga. Kijana akaniuliza, "Vipi mama, moshi umekuingia machoni?" Nikamwambia ndiyo. Ningemwelezaje mtoto wa watu kwamba namlilia baba yangu, pale pale barabarani, huku bodaboda zinapiga honi?

Basi nawaeleza nyinyi, wenzangu mliopanga foleni za sukari mkiwa wadogo, halafu mkaona kwa macho yenu maduka yalivyojaa ghafla vitu ambavyo hatukuwa hata na majina yake. Nyinyi mtanielewa upesi.

Baba yangu, Shomari, alipiga gita la solo katika bendi ya kiwanda kimoja cha Chang'ombe. Mnakumbuka viwanda vilivyokuwa na bendi zao? Kwenye karatasi za kiwanda baba alikuwa karani wa stoo, lakini sidhani kama mlango wa hiyo stoo aliwahi kuujua. Kazi yake ilikuwa gita. Kiwanda kilipoanza kusuasua, wakubwa wakaiambia bendi ijitegemee, ichukue vyombo vyake ikatafute riziki kwenye mabaa. Wengine walilalamika. Baba alifurahi kama mtu aliyefunguliwa kamba. Alisema sasa ndiyo watu watalisikia gita.

Furaha yake ilikuwa na sababu. Binamu yake, baharia, alikuwa amemletea vikanyagio vya gita, vile visanduku vidogo vya chuma ambavyo mpigaji huvibonyeza kwa mguu na sauti ikabadilika. Kimoja kiliitia sauti mwangwi, kingine kiliikwaruza, na kingine kiliifanya iyumbe kana kwamba inatoka chini ya maji. Baba alivipanga juu ya kipande cha ubao, akavifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, akawa anavifuta vumbi kila asubuhi kabla hajanawa uso. Mama alisema tangu aolewe hajawahi kufutwa vumbi namna ile.

Sasa, visanduku hivyo vinaunganishwa kimoja na kingine kwa nyaya fupi, na kila waya una jeki pande zote mbili, ile ncha ya chuma inayochomekwa. Jeki za kawaida zimenyooka. Ukizichomeka zinatokeza ubavuni kama pembe, vikanyagio vinakaa mbali mbali, na mguu ukiteleza unaipiga jeki inapinda. Baba alitaka jeki za kona, zile zilizopinda kama kiwiko, ambazo hulala ubavuni pa kisanduku bila kusumbua mtu. Miaka ya nyuma, kupata jeki ya kona ilibidi umjue mtu anayemjua mtu. Sasa zilikuwa zimetundikwa Kariakoo kwenye vifuko vya nailoni, za kila namna, nzuri na za hovyo zikiwa zinang'aa sawasawa.

Tulikwenda kuzichagua Jumamosi, yeye na mimi. Mimi ndiye mtoto wake wa pekee, na ninabeba jina la mama yake, Mwanaidi, kwa hiyo aliniita mama na kunichukulia hivyo hivyo, mtu wa kushauriana naye. Jeki nzuri ya kona ina kifuniko kidogo kilichofungwa kwa skrubu. Baba alikifungua, akachungulia ndani, akautikisa ulimi wa shaba kwa ukucha.

"Unaona, mama? Huu unacheza. Ukicheza leo dukani, kesho utacheza jukwaani."

Akaiweka kando, akafungua nyingine. Zile zilizozibwa kwa plastiki hakuzipa hata salamu. "Hizi zikifa unazika," alisema. "Hazifunguki." Mwenye duka alivumilia weee, mwisho akachoka.

"Mzee, unanunua jeki au unaoa?"

"Mke nilimchagua haraka zaidi," baba akajibu bila kuinua macho.

Nilipofika nyumbani nilimpelekea mama maneno hayo kama yalivyo. Siku hiyo tulikula wali mkavu.

Kuunga nyaya tulifanyia uani, mchana, kwenye jiko la mama. Umeme wa mgao mnaujua wenyewe, kwa hiyo baba alitumia pasi ya kizamani ya kuunganishia, kipande cha shaba chenye mpini wa mbao, ambacho alikichomeka kwenye makaa ya moto. Maharage ya mama yalisubiri. Mimi nilishika jeki kwa kibanio cha nguo. Waya wa gita una waya ndani ya waya: katikati kuna mmoja mwembamba unaobeba sauti, na nje yake kuna nyuzi zilizosukwa kuuzunguka ili kuukinga. Ule wa katikati unaungwa kwenye ulimi mfupi, nyuzi za nje kwenye ulimi mrefu, na vikigusana tu, gita linakuwa bubu. Baba aligusa ulimbo, akagusa risasi, ule uzi laini wa madini wa kuungia, ikayeyuka na kutambaa yenyewe mahali pake. Hapo sote wawili tuliacha kupumua. Ukitikisika kabla risasi haijaganda, kazi yote imeharibika. Ikiganda inang'aa, imeshika. Ikifanya ukungu, umejidanganya, rudia. Nilipenda sana kule kutopumua pamoja naye, na hadi leo sijui kama kuna jambo la utotoni nimelipenda kuliko hilo.

Sijui ile kelele ilianza lini hasa. Ninachokumbuka ni kwamba umeme uliporudi, baba alichomeka nyaya mpya kwenye spika yake ndogo ya nyumbani, akawasha, akaondoa mikono kwenye nyuzi za gita na kusikiliza. Halafu uso ulimbadilika.

"Hiyo hapo. Filimbi hiyo. Unaisikia inavyolia? Nyembamba, kama iko mbali."

Hakungoja jibu. Watu wazima wa wakati ule hawakuwa na desturi ya kungoja jibu la mtoto. Alikwisha kuifungua jeki tena na kuirudisha pasi kwenye makaa. Mimi niliinamisha kichwa hadi shavu likagusa kitambaa cha spika. Nilisikia muungurumo wake wa kila siku, ule wa paka aliyeshiba. Filimbi sikuisikia.

Na hapa ndipo akili yangu ya kitoto ilipokwenda kombo. Haikunipitia hata kidogo kwamba baba angeweza kusikia kitu ambacho hakipo. Masikio ya baba yalikuwa mali ya mtaa mzima. Jirani akitaka kununua redio alimwomba baba aende akaisikilize kwanza. Fundi akitengeneza pampu alimwita aje amwambie inalia vizuri au inalia vibaya. Kama baba alisema kuna filimbi, filimbi ilikuwepo. Aliyekuwa na kasoro alikuwa mimi.

Nyumba ya pili kutoka kwetu kulikuwa na mtoto wa rika langu, Zaituni, aliyekuwa kiziwi baada ya homa. Mama yake aliwahi kusimulia bombani, nami nimesimama na ndoo yangu, kwamba uziwi ulimjia mwanawe kidogo kidogo, sauti nyembamba zikitangulia kupotea na nene zikifuata. Nikajua basi ndiyo yangu hayo. Filimbi ilikuwa imetangulia, na zamu ya vingine ingekuja. Nikaanza kujipima kila siku. Nilisikiliza mchele ukimiminwa kwenye ungo, sindano ikianguka sakafuni, mama akinong'ona na shangazi mambo yasiyonihusu. Vyote nilivisikia, tena yale ya shangazi niliyasikia vizuri mno. Lakini baba akisema "hiyo hapo", mimi patupu. Nilimwangalia Zaituni akirusha mpira wa rede peke yake ukutani, nikaona ndiko ninakoelekea, na sikumwambia mtu.

Kwenye bendi nako mambo yaliharibika. Mazoezi yalifanyika Jumapili mchana kwenye ukumbi wa baa moja, nami niliruhusiwa kwenda kwa kuwa soda ilikuwa ya bure. Kiongozi alikuwa Mzee Kibwana, mpiga tarumbeta, mtu mpole mwenye tumbo lililomtangulia. Wimbo ukiwa umechanganya, baba aliinua mkono, wote wakanyamaza, naye akapiga magoti kwenye vikanyagio kubadilisha waya.

"Shomari, ndugu yangu," Mzee Kibwana alimwambia, "mbona sie hatuisikii hiyo filimbi?"

"Nyie mmezoea maspika mabovu, bwana. Masikio yenu yameshakufa."

Aliyepiga gita la ridhimu alikuwa kijana anayeitwa Deo, aliyekuja mjini kutoka Iringa, mwenye adabu hata ikawa kero. Alimwamkia baba shikamoo kila alipoingia na kila alipotoka. Sehemu zote za baba alizijua kwa moyo. Baba akaanza kumwona Deo kwa jicho lingine, akafika mahali pa kukagua nyaya kama kuna mtu amezigusa.

Halafu ikatokea Jumapili moja, dansi la mchana, ukumbi umejaa, watu wanacheza. Baba alisimama katikati ya solo yake mwenyewe. Aliliacha gita likining'inia, akainama na kuchomoa waya, na ukumbi mzima ukabaki na ngoma na besi. Watu walizomea. Mimi nilikuwa nimekaa mbele na soda yangu, nikatamani sakafu ipasuke.

Kesho yake Mzee Kibwana alikuja nyumbani. Hakukaa hata kwenye kiti.

"Shomari, nakuheshimu, wajua. Lakini hawa wenye baa siku hizi wanaangalia viingilio vya mlangoni tu, hawana subira ya kiwanda. Ikitokea tena, Deo atakaa kwenye solo. Usije ukasema sikukwambia."

"Haitatokea," baba alisema. "Tatizo ni nyaya. Nitaziunga upya zote."

Na kweli, wiki ile alizifungua zote. Zilizokuwa zinang'aa, zilizoshika, alizikata na kuziunga tena, na kila alipokata waya ulipungua urefu, hadi vikanyagio vikawa vinakaribia kupandana. Nilikuwa nimeshika jeki kwa kibanio changu, risasi imeyeyuka, tumeacha kupumua, nikashindwa. Kilio kilinitoka. Risasi ikafanya ukungu.

"Umeungua, mama?"

"Hapana."

"Sasa unalia nini?"

"Baba, mie nakuwa kiziwi. Filimbi siisikii. Sijawahi kuisikia hata siku moja."

Aliiachia pasi ikaanguka kwenye mkeka, mkeka ukaungua tundu, wala hakuutazama. Alinishika kichwa kwa mikono yote miwili, akaninong'oneza sikio la kulia, akaninong'oneza la kushoto. Halafu akamwita mama kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Nimemuua masikio mwanangu! Ni yale maspika, mimi ndiye niliyekuwa nampeleka kwenye yale maspika!"

Asubuhi tulikuwa hospitali. Kulikuwa na chumba kidogo kilichotandikwa vitambaa vizito ukutani, na dada mmoja wa makamo mwenye koti jeupe aliyepima masikio. Alinivisha visikilizio vikubwa, akaniambia nikisikia mlio niinue kidole, ukiisha nishushe. Nikainua, nikashusha, nikainua. Baba alikaa pembeni akiniangalia kidole kile kana kwamba ndicho kinachompa pumzi. Tulipomaliza dada yule akacheka.

"Huyu anasikia sisimizi wanavyotembea. Baba, mwanao mzima kabisa."

Baba alisema alhamdulillahi, akajifuta uso kwa kofia yake, akaisema tena. Nilifurahi. Kisha akasema, maana alikuwa mtu wa kutaka jambo limalizike sawasawa:

"Lakini filimbi ya waya haisikii."

"Filimbi gani hiyo?"

"Ya nyaya za gita. Nyembamba, hailali. Hata sasa ipo."

Dada alimtazama. "Hata sasa? Humu ndani?"

"Humu ndani ndiyo imezidi," baba alisema.

Niliangaza macho chumbani. Hapakuwa na gita. Nyaya zetu zote tulikuwa tumeziacha nyumbani, kwenye sinia la mama.

"Hebu na wewe kaa hapo, baba yangu," yule dada alimwambia, kwa upole sana.

Alinitoa nje, nikasimama karibu yake kwenye kidirisha cha kioo. Baba alikaa ndani na visikilizio, mgongo umenyooka, macho ameyafumba kama anavyoyafumba akipiga solo. Dada akabonyeza kitufe, baba akainua kidole. Akabonyeza tena, kidole hakikuinuka. Akaongeza sauti, akaongeza, ndipo kikainuka. Baadaye aliiacha mashine kabisa, akaweka mikono yake juu ya mapaja. Kidole cha baba kilibaki juu. Tulisimama pale sote wawili, hakuna kinachobonyezwa, na baba yangu, macho amefumba, ametushikia kidole juu bila kukishusha.

Dada alinipapasa kichwa. Mimi nilielewa kabla hajasema neno, na nilitamani masikio mabovu yawe yangu kama nilivyofikiri. Baba alielezwa kwamba masikio yamechoshwa na miaka ya maspika, kwamba filimbi inatoka ndani yake mwenyewe, haina dawa, na akiendelea kukaa kwenye kelele atapoteza na kilichobaki. Alisikiliza kwa adabu, akashukuru. Njia nzima alinishika mkono. Mama alipotuuliza mlangoni, alijibu, "Mwanaidi mzima," akapita kwenda chumbani.

Nilidhani hatakwenda tena. Lakini Jumapili alivaa shati lake la jukwaani, akachukua gita na ule ubao wa vikanyagio, akaniambia twende. Ukumbini walikuwepo wote. Aliwaamkia, akapiga magoti, akachomeka nyaya zake moja moja, zile fupi za mwisho alizoziunga, jeki zimelala ubavuni kama alivyopenda. Aliwasha spika kubwa, akaifungua sauti hadi mwisho, akaondoa mikono kwenye nyuzi.

"Mama, njoo hapa."

Nikaenda. Alichuchumaa tukawa macho kwa macho.

"Kuna filimbi?"

Bendi nzima iliniangalia. Deo alikuwa amekumbatia gita lake na kutazama chini. Mimi nilikuwa mtoto, lakini sikuwa mjinga, nilijua jibu langu linampeleka wapi baba. Nikasikiliza kwa nguvu zangu zote nikiomba niisikie. Spika iliunguruma. Nyuma ya kaunta mtu alikuwa akipanga chupa.

"Niambie kweli, mama."

"Hakuna, baba."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Aliitikia kwa kichwa, akainuka taratibu, akamgeukia Mzee Kibwana.

"Umemsikia mtoto. Nyaya zangu ni nzima, Kibwana. Mie sijawahi kuunga waya mbovu."

"Hujawahi, Shomari," Mzee Kibwana alisema. Akageuka kuifuta tarumbeta yake.

Baba alilivua gita, akamvika Deo yeye mwenyewe, akamrekebishia mkanda begani. Akamwonyesha kila kikanyagio. "Usikanyage kwa kisigino, mwanangu. Vidole tu." Deo alisema, "Shikamoo mzee," maskini. Alikuwa analia.

Tulitoka. Nyuma yetu wimbo ulianza, wa baba, ukipigwa vizuri kabisa, na baba akaongeza mwendo. Tulikata kushoto tukapita uwanja wa shule, ambapo Jumapili hapakuwa na mtu, hadi muziki ukapotea. Hapo akasimama.

"Hapa kumetulia?"

"Ndiyo, baba."

"Kukoje?"

Nikamwambia kuna mtu anatwanga kwa mbali. Kuna kuku. Bati la darasa linalia kwa sababu ya jua. Kuna mtoto anamwita mwenzake, mwenzake haitiki.

"Endelea, mama," alisema, akanishika mkono tukaanza kutembea.

Nikaendelea. Nilimsimulia kila kilichonifikia, ndala zetu mchangani, redio ya watu, maji ya mtu yakimwagwa uani, upepo, na nilipoishiwa nikaanza upya, mpaka tukafika nyumbani.